UZI: Vasektomi – mrija unavyofungwa, mbegu zinavyokwisha, na majibu ya maabara yanavyosomwa vibaya

Koleo la Pete #1

Wakuu, mijadala ya vasektomi (kufunga uzazi kwa mwanaume) huanzia kwenye kisu na kuishia kwenye kisu: yenye kisu, isiyo na kisu. Swali hilo linahusu ngozi tu, na ngozi itapona kwa vyovyote vile. Kinachoamua kama mbegu zitakwisha ni kile kinachofanyiwa mrija (ule unaopitisha mbegu kutoka korodani) baada ya kutolewa nje. Watu wawili wanaweza kusema wote wanafanya "bila kisu" kumbe wanafanya operesheni mbili tofauti kabisa. Uzi huu ni wa wanaofanya na wanaopima. Anayetaka kufanyiwa naye asome, ila hatua hizi si za kujaribia nyumbani.

Naanza na kuingia, kisha wa koteri (kifaa cha kuchomea nyama kwa joto) na wa maabara waendelee.

Chumba kiwe na joto. Baridi hukunja ngozi ya pumbu, korodani hupanda, na mrija unakuwa mgumu kuushika. Hata dawa ya kusafishia ipashwe joto kidogo. Uume ulazwe juu ya tumbo na kubandikwa plasta usikae njiani.

Mrija hushikwa kwa vidole vitatu. Cha kati kinakaa nyuma ya kifuko na kuusukuma mrija mbele. Dole gumba na cha shahada viko mbele, vinaubana dhidi ya ngozi. Unausogeza mpaka ukae chini ya mshono wa katikati wa pumbu, nusu ya njia kati ya shina la uume na kichwa cha korodani. Ukishuka sana unaingia sehemu iliyojikunjakunja karibu na epididimisi (mrija uliojikunja nyuma ya korodani), na hiyo haichuniki vizuri. Ukipanda sana mrija unavutika kuelekea kinena, na ukikuponyoka huko kuupata tena ni kazi.

Ganzi ni lignokaini 1% au 2% isiyo na adrenalini, kwa sindano ya geji 25 au 27. Nusu mililita hivi kwenye ngozi, kisha sindano inasogea sambamba na mrija kuelekea kinena na kuacha mililita 2 hadi 5 ndani ya ala ya mrija (utando unaoufunika), kila upande. Vuta bomba kabla ya kusukuma, uone kama kuna damu. Kikomo cha lignokaini tupu ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito na jumla isizidi 300, yaani mililita 30 za 1% au 15 za 2%. Kivimbe cha ganzi kwenye ngozi kikiwa kikubwa, kikamue kwa vidole kishuke kwanza, maana koleo huteleza juu ya ngozi iliyojaa maji.

Koleo la pete linaubana mrija pamoja na ngozi iliyo juu yake. Ncha moja ya kibano chenye ncha kali inatoboa kwa pembe ya nyuzi 45, inapita ngozi na ala mpaka kwenye mrija, halafu inatolewa. Ncha zote mbili zinarudi katika tundu lilelile zikiwa zimefungwa, kisha zinafunguliwa taratibu mpaka tundu liwe na upana wa mrija mara mbili. Hapo mrija unaonekana mweupe, unang'aa. Kama bado hujauona mweupe, uko kwenye ala, usivute. Ncha moja inachomwa kwenye ukuta wa mrija, mkono unageuzwa nusu duara kiganja kiangalie juu, na kitanzi kinatoka. Koleo la pete linaachia ngozi na kushika kitanzi chenyewe. Mishipa ya damu iliyo mgongoni mwa mrija inasukumwa pembeni mpaka upate sentimita 1 hivi ya mrija mtupu.

Njia hii ilibuniwa na Dkt. Li Shunqiang huko Sichuan, China, mwaka 1974. Bangkok mwaka 1987 zilifanywa vasektomi 1,203 kwa siku moja, baadhi kwa njia hii na nyingine kwa kisu cha kawaida. Matatizo yalikuwa 0.4 kwa kila wanaume 100 kwa njia ya tundu, na 3.1 kwa kisu. Damu kidogo, maumivu kidogo, usaha kidogo. Lakini hizo ni faida za ngozi na ala. Mbegu hazijui umeingilia wapi.

---

Koteri Nyekundu #2

Umeliweka vizuri mkuu. Naendelea pale kitanzi kiko mkononi.

Watu wengi wakiambiwa "mrija umekatwa" wanadhani kukata ndiyo kufunga. Mrija uliokatwa tu una ncha mbili zinazotazamana ndani ya ala moja. Ala hiyo ni kama bomba: inazishika ncha kwenye mstari uleule. Mbegu zikivuja kutoka ncha ya korodani, mwili unajenga granuloma (kivimbe kidogo cha nyama) kuzizunguka, na ndani ya granuloma vijia vidogo vyenye utando wa mrija vinaweza kuchipuka na kufika ncha ya pili. Hivyo ndivyo mrija unavyojiunga upya. Kuongeza urefu wa kipande unachotoa hakusaidii kama watu wanavyodhani, isipokuwa utoe kipande kirefu mno, na hapo umeongeza damu, maumivu, na ugumu kwa atakayetaka kurudishiwa uzazi baadaye. Sentimita 1 inatosha, na wengine hawatoi kipande kabisa.

Mambo mawili ndiyo yenye uzito.

La kwanza, kuchoma ndani ya mrija. Mrija unakatwa nusu ya unene ili tundu la ndani lionekane, sindano ya koteri inaingizwa humo, upande wa juu na upande wa korodani, inawashwa huku ikitolewa polepole. Unachotaka kuunguza ni utando wa ndani peke yake. Ukuta wa misuli ubaki hai, maana ndio utakaotengeneza kovu la kuziba. Hapa ndipo wengi wanapokosea: anaona moshi, anafurahi, anazidi kuchoma mpaka ukuta wote umekuwa mweupe. Nyama iliyoungua unene wote hufa na kudondoka, na siku chache baadaye ncha iko wazi kama vile hukuifunga. Kumbe alichofanya ni kukata kwa moto.

La pili, kuweka ala katikati. Ncha moja inaachwa ndani ya ala, nyingine inatolewa nje, na mdomo wa ala unafungwa kwa uzi au kibanio kidogo kuzunguka ile iliyo ndani. Sasa kati ya ncha mbili kuna ukuta wa nyama hai. Kwa kawaida inayofunikwa ni ncha ya juu, ya upande wa tezi dume. Ukifunga, achia mrija urudi kidogo kisha uvute tena uangalie: kama ncha iliyofunikwa inachungulia, fundo limeshika ala pembeni tu, rudia.

Hivyo viwili kwa pamoja, kuchoma ndani na kuweka ala, ndiyo njia inayofanya vizuri hata kwenye mikono tofauti tofauti.

---

Fundo la Hariri #3

Naomba kupingana kidogo. Kufunga kwa uzi na kukata kipande ni njia ya miaka mingi, haihitaji umeme wala betri, na sehemu nyingi duniani ndiyo inayofundishwa mpaka leo. Mkianza kusema bila koteri haifai mtawanyima watu huduma. Fundo mbili, kipande katikati, ncha moja ikunjwe irudi nyuma, basi.

---

Koteri Nyekundu #4

Sijasema wasipewe huduma. Nimesema wajue wanapewa nini. Kuna jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2004, la kufunga kwa uzi na kukata, kundi moja likiwekewa ala katikati na jingine bila. Bila ala, kushindwa kwa kipimo cha shahawa kulikuwa 12.7%. Pamoja na ala, 5.9%. Mwaka huohuo matokeo ya koteri yakalinganishwa na uzi pamoja na ala: koteri 1%, uzi na ala 4.9%. Hizo ni namba za kipimo cha shahawa na si za mimba, lakini mbegu zinazotembea hazina adabu ya kusubiri.

Sababu iko kwenye fundo lenyewe. Ukikaza sana, uzi unakata damu, ncha inakufa na kudondoka pamoja na fundo lake. Ukilegeza, mbegu zinapita. Katikati ya hapo pana nafasi nyembamba sana, na haionekani kwa macho. Kukunja ncha kurudi nyuma hakuondoi tatizo, kwa kuwa kilichofanya ncha ife bado kipo.

Asiye na koteri afanye walau ala. Haihitaji umeme, ni uzi uleule na dakika chache za uvumilivu. Halafu koteri ya betri inayoshikwa mkononi si mashine ya chumba cha upasuaji, inatoshea mfukoni. Hoja ya umeme imezeeka.

---

Fundo la Hariri #5

Hoja ya ala naikubali. Tatizo lake ni kwamba ndiyo hatua ngumu kuliko zote kwa anayejifunza. Ala ikichunwa ovyo wakati wa kutoa kitanzi, baadaye hakuna cha kufunikia, zinabaki nyuzinyuzi. Na ndiko damu inakotoka.

---

Koleo la Pete #6

Hilo ni kweli kabisa. Dawa yake ni kwenye hatua ya tundu: ala ipasuliwe kwa urefu wa mrija, isipasuliwe kwa kuukata mrija mkingamo. Ncha za kibano zifunguke kufuata mrija unakoelekea. Ukifanya hivyo ala inabaki kama soksi iliyochanwa upande mmoja, unaikuta nzima ukiihitaji.

---

Fildi Hamsini #7

Sasa upande wa hadubini, ambako kazi nzuri ya mikono huharibiwa na jibu la ovyo.

Kwanza, kwa nini mbegu zipo baada ya kukata? Mrija mmoja una urefu wa sentimita 30 hadi 45. Umekatwa karibu na korodani, hivyo sehemu kubwa ya mrija, pamoja na kile kitako kipana kilicho nyuma ya kibofu, imebaki na mbegu za zamani. Hizo hutoka kila mtu anapomwaga, nyingine huyeyuka humohumo. Uwezo wa kutembea huisha mapema, ndani ya wiki chache. Miili ya mbegu ndiyo huchelewa kuisha. Kwa hiyo mbegu zisizotembea miezi 3 baadaye ni masalia. Mbegu zinazotembea miezi 3 baadaye ni habari nyingine, kuna mlango uko wazi mahali.

Pili, muda. Ile sheria ya "mwaga mara 20 uko huru" haitoshi ikisimama peke yake. Kuna anayemaliza 20 ndani ya wiki mbili na anayezimaliza kwa miezi sita. Muda hutabiri vizuri zaidi kuliko hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 3 ya kuendelea na kinga nyingine. Chama cha wataalamu wa mkojo cha Marekani, katika mwongozo wa 2012, kinatoa nafasi ya wiki 8 hadi 16. Waingereza wanataka angalau wiki 12 na kumwaga angalau mara 20 kwa pamoja. Ukipima wiki ya 8 utawahi kuwapa wengi uhuru, lakini pia utawarudisha wengi kupima tena. Wiki ya 12 huokoa safari. Wenye umri mkubwa huelekea kuchelewa kuliko vijana.

Tatu, sampuli. Chombo safi chenye mdomo mpana, kilichotolewa na maabara. Si kondomu ya kawaida, kwa kuwa inaweza kuwa na dawa au mafuta yanayodhuru mbegu. Hakuna mafuta ya kulainisha, hakuna mate. Shahawa yote, na hasa tone la kwanza: mbegu nyingi hutoka mwanzoni, na aliyemwaga nusu nje ya chombo ameleta nusu isiyo na kesi. Chombo kibaki na joto la mwili, ndani ya nguo, kisiwekwe kwenye friji. Kiangaliwe ndani ya saa 2 tangu kutolewa, ikiwezekana ndani ya saa 1. Baada ya hapo mbegu zilizokuwa zikitembea zinaweza kusimama, nawe utaandika "hazitembei" ukiwa na nia njema kabisa.

Nne, kuangalia. Usizungushe sampuli kwenye mashine ya kutenganishia (sentrifuji). Kuzungusha hukusanya masalia machache ambayo hayana maana yoyote kwa mimba, na mbegu zinazotembea zinaweza kuharibika. Changanya sampuli vizuri, weka mikrolita 10 kwenye kioo, funika kwa kioo cha milimita 22 kwa 22. Kina kitakuwa mikromita 20 na ushee. Kwa ukuzaji wa mara 400, fildi moja (eneo unaloliona kwa mara moja kwenye hadubini) ya upana wa kawaida ina nanolita 4 hivi. Angalia fildi 50, pamoja na kingo za kioo. Hesabu yake ni rahisi: mbegu 100,000 kwa mililita ni sawa na mbegu 20 hivi katika fildi 50. Ukiona 2 au 3 kwenye fildi zote 50, uko mbali sana chini ya mstari. Ukiona moja katika kila fildi, uko kwenye 250,000. Anayehitaji namba kamili atumie chemba (kioo maalumu cha kuhesabia) yenye kina cha mikromita 100, lakini kwa uamuzi wa vasektomi hesabu hii inatosha.

---

Mfungua Bahasha #8

Jibu likisema "mbegu zimeonekana, 60,000 kwa mililita, hazitembei", wiki ya 14, sampuli ilikuwa mpya. Hapo mtu anaambiwa nini? Kuna maabara zinaandika "imeshindwa" kwa wino mwekundu.

---

Fildi Hamsini #9

Wino mwekundu ndio umeshindwa. Mstari ni 100,000 au pungufu, zisizotembea, kwenye sampuli mpya ambayo haikuzungushwa. Hilo ni jibu la mafanikio sawa na kutoona mbegu kabisa. Anaweza kuacha kinga nyingine. Watu wengi wangepimwa mara tatu nne bila sababu kama tungengoja sifuri. Karibu 8 kati ya 10 hufika sifuri kwa miezi 3 na kumwaga mara 20, na sehemu kubwa ya waliobaki wana masalia haya tu.

Ila ukikubali mstari huo lazima ukubali masharti yake yote. Sampuli ya posta iliyokaa siku mbili haiwezi kukuambia habari ya kutembea. Ikiwa sifuri, sawa. Ikiwa ina mbegu hata chache, lete mpya.

---

Mfungua Bahasha #10

Na zikiwa zinatembea? Tuseme wiki ya 12, milioni 3 kwa mililita, nyingi zinatembea.

---

Koteri Nyekundu #11

Usikimbilie kisu siku hiyohiyo. Mbegu zinazotembea katika miezi ya mwanzo mara nyingi ni mrija uliojiunga mapema: hesabu hushuka karibu na sifuri wiki za kwanza, kisha hupanda. Baadhi ya vijia hivyo hujifunga vyenyewe kovu linapokomaa. Hivyo kinga iendelee kwa ukali, pima tena kila baada ya wiki 4 hadi 6. Namba ikishuka na mwendo ukipotea, ngoja. Miezi 6 ikipita na bado kuna inayotembea, vasektomi imeshindwa, irudiwe. Mikononi mwa anayejua, wanaohitaji kurudiwa ni 1% au pungufu.

Zisizotembea lakini zaidi ya 100,000 baada ya miezi 6 hazina kanuni ya kukariri. Tazama mwelekeo wa vipimo viwili vitatu, kisha uamue na mhusika.

Na ukiangalia hesabu ya wiki ya 12 ikiwa kama ya mtu ambaye hajaguswa, milioni 40 na zinakimbia, bila rekodi yoyote ya kushuka, usifikirie vijia. Fikiria kwamba mrija mmoja haujaguswa kabisa.

---

Zamu ya Usiku #12

Hapo kwenye kutokugusa mrija mmoja ndipo ningependa tukae kidogo, maana watu hudhani ni hadithi. Makosa ya kawaida ni mawili.

Kufunga mrija uleule mara mbili. Kwa tundu moja la katikati ni rahisi mno: unamaliza wa kulia, unaurudisha, unatafuta wa kushoto, vidole vinaushika tena wa kulia upande wa juu ya pale ulipofunga. Kinga yake: kabla ya kukata wa pili, vuta korodani ya upande huo taratibu na uone kitanzi kinavutika. Kisha vuta ya upande mwingine, kisivutike. Na uufuate mrija kwa vidole kutoka epididimisi mpaka juu kila upande. Sekunde kumi.

Kufunga kitu ambacho si mrija. Mshipa wa damu ulioganda, au mkunjo wa ala uliokazwa na ganzi. Mrija ni mgumu kama waya, mweupe, na ukiukata nusu unaona tundu katikati. Ukikosa kuliona tundu, usichome. Kupeleka kipande cha mrija kikapimwe maabara hakuhitajiki kwa kila mtu, mwongozo wa Marekani unasema hivyo wazi. Kipimo cha shahawa ndicho kinachothibitisha. Lakini ukiwa na shaka kwenye meza, peleka kipande.

Na kabla ya yote, siku ya mazungumzo, shika mirija yote miwili. Kuna wanaozaliwa na mmoja tu, na baadhi ya hao hukosa na figo ya upande huo. Ukiujua mapema unafunga mmoja na kumwambia mtu apime figo. Ukigundua katikati ya operesheni utachokonoa nusu saa ukitafuta kisichokuwepo, na damu itavilia.

---

Chumvi na Barafu #13

Mtu akitoka mezani aambiwe nini? Karatasi nyingi zina mistari miwili tu.

---

Zamu ya Usiku #14

Aambiwe haya. Chupi ya kubana au kishikilia korodani mfululizo siku mbili tatu. Barafu juu ya kitambaa, isiguse ngozi, dakika 20 kisha apumzishe. Apumzike kweli siku 1 hadi 2. Asinyanyue vizito wala kuendesha baiskeli kwa wiki moja hivi. Kumwaga asubiri karibu wiki moja, na akimwaga mara ya kwanza shahawa ikiwa na rangi ya damu kidogo asishtuke. Tundu halihitaji mshono. Parasetamo huwatosha wengi.

Arudi haraka kama uvimbe unakua masaa kwa masaa, au homa, au usaha, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Damu kuvilia na maambukizi ni 1 hadi 2 kati ya 100. Damu iliyovilia kidogo huachwa iyeyuke yenyewe. Kuichoma sindano ni kuikaribisha bakteria. Inayokua upesi ndiyo inayofunguliwa. Dawa za kuzuia bakteria kwa kila mtu kabla ya operesheni hazina haja, ila kwa aliye na hatari maalumu.

Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, na asiziache kwa uamuzi wake. Aliyemwandikia ndiye aamue.

Na sentensi moja iandikwe kwa herufi kubwa: KINGA NYINGINE IENDELEE MPAKA JIBU LA SHAHAWA. Mimba nyingi za baada ya vasektomi haziji kwa mrija kujiunga. Zinakuja kabla ya jibu hilo.

---

Ncha Wazi #15

Hakuna aliyegusa njia ya kuacha ncha ya korodani wazi. Unachoma na kufunika ya juu tu, ya chini unaiacha ivuje. Shinikizo halijengeki nyuma ya fundo, epididimisi haivimbi, maumivu ya muda mrefu yanapungua.

---

Koteri Nyekundu #16

Njia hiyo inakubalika, lakini kwa sharti moja zito: ncha ya juu ichomwe ndani na ifunikwe kwa ala. Vyote viwili. Ukiacha ya chini wazi kisha ya juu ukaifunga kwa uzi tu, umewawekea mbegu chemchemi upande mmoja na geti bovu upande wa pili.

Kuhusu maumivu, hoja ina mantiki ila ushahidi wake ni dhaifu. Kwa njia yoyote ile, 1 hadi 2 kati ya 100 hubaki na maumivu ya muda mrefu yanayowasumbua kiasi cha kuhitaji matibabu, na anayeomba huduma lazima alisikie hilo kabla ya kusaini. Granuloma inayotokea kwenye ncha wazi nayo inaweza kuuma.

Kuna pia njia inayohusishwa na Marie Stopes, shirika la huduma za uzazi: mrija haukatwi kabisa, unachomwa kwa urefu wa sentimita 2.5 hadi 3 ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma ukiachwa nusu. Inakwenda haraka na ina matokeo mazuri kwa waliofunzwa nayo. Kuiga kwa kuangalia video ni hatari, kwa sababu kipimo chake ni kina cha kuungua na si urefu.

---

Mfungua Bahasha #17

Baada ya jibu zuri, hatari inayobaki ni kiasi gani? Wengine wanasema sifuri.

---

Fildi Hamsini #18

Si sifuri. Mimba 1 hivi kwa wanaume 2,000 waliopata jibu la kutoona mbegu, au masalia machache yasiyotembea. Ni mrija kujiunga kwa kuchelewa, unaweza kutokea hata miaka baadaye. Hii isemwe mapema na iandikwe kwenye fomu, kwa sababu isiposemwa, siku mimba ikitokea anayeshtakiwa kwanza nyumbani ni mke. Shahawa ipimwe kabla ya maneno.

Kupima kila mwaka "kwa usalama" hakuna faida. Jibu la leo halikuhakikishii la mwakani.

---

Chumvi na Barafu #19

Swali la mwisho kutoka kwangu. Asiyeweza kutoa sampuli kwa mkono, kwa imani au kwa sababu nyingine, anafanyaje?

---

Fildi Hamsini #20

Kuna kondomu maalumu za kukusanyia shahawa, hazina dawa ya kuua mbegu wala mafuta. Anaitumia kwenye tendo la kawaida na mwenzake, anaifunga mdomo, anaiweka ndani ya chombo na kuileta ndani ya saa 1. Aulize maabara kama wanayo kabla hajaondoka siku ya operesheni. Na aandike saa aliyotoa juu ya chombo, si saa aliyofika dirishani.